Bia za Krafti na Wiski: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza Kuonja

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana nyumbani kwangu Moshi, watu sita, wakati mwingine wanane. Mezani kunakuwa na glasi nyingi kuliko chupa. Tunaonja vitu viwili au vitatu kwa pamoja, tunabishana, tunakula, tunaagana mapema. Wageni huja na maswali yanayofanana, nami nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Ukurasa huu ni wa waliotimiza miaka 18.

Bia ya krafti ni bia gani, na ina tofauti gani na hizi za baa?

Ni bia ya kiwanda kidogo ambacho mpishi mwenyewe ndiye anayeamua nini kiingie kwenye sufuria. Jina lilipata nguvu Marekani. Mwaka 1965 Fritz Maytag alinunua kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilipokuwa kinakaribia kufa. Mwaka 1976 Jack McAuliffe akafungua New Albion huko Sonoma. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter akatia saini sheria iliyoruhusu watu kupika bia majumbani mwao, na hapo mlango ukawa wazi. Sierra Nevada ilianza mwaka 1980 katika mji wa Chico, California, na Pale Ale yake bado ni mwalimu mzuri kwa yeyote anayetaka kujua hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zinanukiaje.

Chama cha wapishi hao wa Marekani, Brewers Association, kinahesabu kiwanda kuwa cha krafti kikiwa hakizidi mapipa milioni 6 kwa mwaka na kampuni kubwa za vileo zikiwa hazimiliki hata robo yake. Mapipa milioni 6 ni takriban lita milioni 700, kwa hiyo usidhani udogo huo ni wa pipa moja uani. Huku kwetu Nairobi ina majina kama Bateleur na 254, Kampala ina Banange.

Bia tulizozoea, Kilimanjaro, Safari, Tusker, Primus, ni lager: chachu yake inafanya kazi kwenye baridi, polepole, na inaacha kinywaji chepesi cha kukata kiu. Sikubaliani na wanaozidharau. Kupika lager nyepesi isiyo na kasoro, chupa baada ya chupa, ni kazi ngumu kweli, maana ladha ni ndogo na kasoro haina pa kujificha. Ila ukinywa aina hiyo moja miaka ishirini, unaweza kuamini kwamba bia ina ladha moja tu.

Wiski na bia zinahusiana nini? Mbona mnaziweka meza moja?

Kwa sababu wiski ni bia iliyopanda ngazi. Hili ndilo jambo ninalopenda kulieleza kuliko yote, na ukitoka nyumba iliyopika pombe ya kienyeji, nusu yake unaijua tayari.

Bibi yangu alipika mbege. Ulezi aliuloweka, akaufunika kwa majani ya migomba mpaka ukachipua, akauanika, ukasagwa. Hicho ni kimea. Ndizi mbivu zilichemshwa kwa saa nyingi mpaka zikawa na rangi ya kutu, na maganda ya mti wa msesewe yakatoa uchungu wa kukata ule utamu. Kabla ya kumpa mtu yeyote, alichota kidogo kwa kata, akaizungusha, akanusa, akakaa kimya, ndipo akaonja. Miaka mingi baadaye niliona watu wa Scotland wakifanya vilevile na glasi zao, nikamkumbuka.

Sasa weka shayiri mahali pa ulezi. Shayiri inalowekwa, inachipua, inakaushwa, inasagwa, inatiwa maji ya moto ili utamu utoke, kisha chachu. Ukitia hopsi na kuchemsha, unapata bia. Ukiacha hopsi, baada ya siku mbili au tatu unapata bia ya asilimia 8 hivi, nzito, isiyopendeza sana kunywa. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye mtungi wa shaba na kukenekwa, yaani kugeuzwa mvuke na kupozwa, kwa kawaida mara mbili, mpaka inafika asilimia 70 hivi. Kisha inapunguzwa kwa maji na kulazwa kwenye pipa la mwaloni.

Ni njia ileile inayoitoa chang'aa kwenye busaa na gongo kwenye pombe. Kinachotofautisha ni mambo matatu: shaba, ambayo inanyonya harufu mbaya za salfa, ukataji, maana mpishi anatupa kichwa na mkia wa mvuke kando na kuchukua moyo tu, na miaka ndani ya mti. Gongo inayopikwa vichochoroni haina mkaguzi wala kipimo, na imeshapofusha na kuua watu. Siiweki mezani.

Kwa nini IPA (India Pale Ale) ni chungu hivyo?

Hopsi. Ni maua ya mmea unaotambaa, nayo hufanya kwenye bia kazi ambayo msesewe hufanya kwenye mbege: kuukata utamu wa kimea. Zikichemshwa kwa saa nzima zinatoa uchungu. Zikitiwa mwishoni mwa kuchemsha, au baada ya bia kuchachuka, zinaacha harufu bila kuongeza uchungu mwingi. Ndiyo maana IPA mbili zenye hopsi nyingi sawa zinaweza kuwa tofauti kabisa: moja inakukunja uso, nyingine inanukia kama sokoni msimu wa embe. Hopsi ya Cascade inatoa balungi; Citra inatoa embe na pasheni.

Harufu hiyo haidumu. IPA ni ya kunywa mapema, tofauti na wiski. Angalia tarehe kwenye kopo, na ile iliyokaa rafuni karibu mwaka mzima iache hata kama imeshushwa bei.

Ya baridi au ya moto?

Swali la kila baa kuanzia Bukoba mpaka Mtwara, na lina maana kubwa kuliko tunavyofikiri. "Ya moto", kwa msomaji asiyejua, ni ile iliyotoka kwenye kreti bila kuona friji.

Baridi kali huutia ulimi ganzi na kuzuia harufu isipande. Lager nyepesi inaivumilia, hata inaipenda: nyuzi 4 mpaka 7. Lakini stauti, ile bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa, au bia nzito ya Ubelgiji ukiinywa ikiwa na barafu ubavuni, umelipia vitu ambavyo hukuvipata. Hizo zinataka nyuzi 10 mpaka 13. IPA iko katikati. Bila kipimajoto, fanya hivi: toa chupa kwenye friji, iache mezani dakika 10 au 15, mimina, na onja tena kila baada ya dakika tano. Utaona stauti inavyofunguka, kwanza kahawa, halafu chokoleti, halafu kitu kama mkate ulioungua kidogo.

Baba yangu mdogo hakuwahi kunywa bia ya baridi maisha yake yote. Alikuwa akifungua chupa na kusema, "Hii ilikaa juani," akairudisha, na alikuwa sahihi. Mwanga wa jua ukiipiga bia, uchungu wa hopsi unavunjika na kuungana na salfa, na kinachotokea kinakaribia harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia inakinga vizuri. Ya kijani na nyeupe zinakinga kidogo sana. Kwenye bia ya baridi kasoro hiyo inajificha mpaka glasi ifike nusu. Kwenye ya moto inakupokea mlangoni. Lakini siwezi kukwambia unywe lager ya moto Dar es Salaam mwezi Januari, kwenye nyuzi 32. Gesi inatoroka na utamu unabaki umelala.

Wiski nayo ina tatizo hilo. Vitabu vinasema inywewe kwenye joto la chumba, lakini chumba kinachozungumzwa ni cha Scotland, nyuzi 18 mpaka 20. Pwani, spiriti inapanda kwa kasi na kuchoma pua kabla ya harufu nyingine kufika. Weka chupa kwenye friji robo saa, au suuza glasi kwa maji baridi na uikaushe.

Single malt, blended, bourbon: nichague ipi?

Anza kwa kujua zinavyotengenezwa. Scotch, yaani wiski ya Scotland, kwa sheria lazima ilale kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, ndani ya Scotland, si chini ya miaka 3, na iingie chupani ikiwa na asilimia 40 au zaidi. Single malt ni ya kimea cha shayiri tupu, kutoka kiwanda kimoja, kwenye mitungi ya shaba. Blended inachanganya malt na wiski nyepesi ya nafaka, inayotoka kwenye mtambo mrefu ambao Aeneas Coffey alipata hataza yake mwaka 1830. John Walker, ambaye jina lake liko karibu kila baa ya Afrika Mashariki, alikuwa na duka la vyakula mjini Kilmarnock kuanzia 1820.

Bourbon ni ya Marekani: mahindi si chini ya asilimia 51, na pipa jipya lililochomwa ndani. Sheria inadai pipa jipya, kwa hiyo mapipa yaliyokwisha kutumika huuzwa, na mengi huishia Scotland. Vanila unayoisikia kwenye Scotch nyingi imesafiri kutoka Kentucky. Pipa lililokuwa na mvinyo wa sherry, kwa upande wake, linaacha zabibu kavu na viungo.

Na Afrika ipo. Kiwanda cha James Sedgwick, Wellington, Afrika Kusini, kinatengeneza Bain's kwa mahindi, na imeshatajwa kuwa wiski bora ya nafaka duniani kwenye World Whiskies Awards, mwaka 2013 na tena 2018. Nimewapa watu glasi yake bila kuwaonyesha chupa, na hakuna aliyetaja Afrika.

Wanaosema blended ni ya wasiojua wanakosea. Kuchanganya wiski kadhaa ili ladha isibadilike mwaka hadi mwaka ni ufundi unaotaka pua ya ajabu.

Nimenunua wiski ya Islay, inanuka dawa ya hospitali. Imeharibika?

Haijaharibika. Umekutana na piti.

Islay ni kisiwa cha magharibi mwa Scotland chenye upepo mwingi na miti michache. Kuni hazikuwepo za kutosha, ila palikuwa na piti: udongo mweusi wa kinamasi, mimea iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka, unaokatwa kama tofali, kukaushwa na kuchomwa. Kimea kikikaushwa juu ya moto huo, moshi unaingia kwenye punje, na punje inaubeba kupitia maji, chachu, shaba na pipa, mpaka puani kwako. Ndani ya moshi huo kuna fenoli, jamaa wa karibu wa dawa za kusafishia vidonda. Pua yako haijakosea hata kidogo.

Kati ya wiski za Islay, Laphroaig ndiyo inayowapiga watu hivyo zaidi. Ardbeg inatumia kimea chenye moshi mwingi zaidi ya hapo, lakini kwangu ni tamu zaidi, kama ndimu iliyowekwa karibu na majivu. Lagavulin ni ya jioni ndefu. Bowmore ina moshi wa wastani, nami ndiyo ninayompa mtu anayeogopa.

Usimlazimishe mgeni kuipenda. Ila mkumbushe kwamba ladha ya moshi si ngeni kwetu. Wakalenjin wanasugua kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kwa mkaa, na pwani mitungi ya maji hufukizwa ubani. Mgeni mmoja kutoka Bomet alinusa Ardbeg, akaweka glasi chini, akasema ananusa nyumba ya mama yake. Toka siku hiyo haagizi nyingine.

Niweke barafu, maji au soda?

Maji kidogo, ndiyo, na jaribu mara zote. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba guayakoli, molekuli mojawapo ya harufu ya moshi, hupanda juu ya glasi pale kilevi kikishuka kufika asilimia 45 hivi na chini yake. Kikiwa kingi sana inabaki imezama. Kwa hiyo chupa ya asilimia 55 au 60 inahitaji maji ili ijieleze. Tumia kijiko cha chai, tone kwa tone. Ukizidisha hurudi nyuma.

Barafu inapoza na kufunga harufu, kisha inayeyuka na kuizimua yote. Kwa kuonja, hapana. Kwa kukaa barazani jioni ya joto na blended yako, sioni kosa, na soda pia hivyo hivyo. Wajapani wameifanya wiski na maji ya soda kuwa kinywaji cha heshima.

Naonjaje, hatua kwa hatua?

Mimina kijiko kikubwa kimoja cha wiski, mililita 15. Iache dakika chache. Usitumbukize pua; lete glasi kidevuni kwanza, fungua mdomo kidogo, vuta pumzi polepole, halafu panda. Pua ikichoka, nusa mkono wako mwenyewe na urudi. Funda la kwanza liwe dogo sana, la kuuzoesha mdomo moto wake, na usilihukumu. La pili lizungushe mpaka chini ya ulimi, meza, kisha toa pumzi kwa pua. Hapo ndipo wiski inaposema mengi.

Kwa bia, mimina upate povu, maana povu ndilo linalopandisha harufu. Usiteme: uchungu unaendelea kuusikia baada ya kumeza.

Watu wengi wanakwama kwenye maneno. Wanasoma nyuma ya chupa kwamba kuna matunda ya porini ya Ulaya ambayo hawajawahi kuyaona, wanajiona hawajui. Tumia maneno ya jikoni kwako: sukari guru, iliki, ukwaju, asali ya nyuki wadogo, ngozi ya kiatu kipya, mchaichai, vumbi likipigwa na mvua, mafuta ya taa, ubuyu. Bia ya ngano ya Bavaria inanukia ndizi mbivu na karafuu waziwazi, ingawa hakuna aliyetia ndizi wala karafuu. Ni chachu ndiyo inayozitengeneza. Mtu wa Pemba ataitambua kabla ya mtu wa Munich kumaliza kueleza.

Nitalinganishaje bila kudanganywa na lebo au bei?

Kwa jaribio la pembetatu, ambalo wapishi wa bia wenyewe hulitumia. Msaidizi akae chumba kingine. Amimine glasi tatu: mbili kinywaji kimoja, ya tatu kinywaji kingine. Aandike siri yake kwenye utepe chini ya glasi. Wewe una kazi moja tu, kuitaja iliyo tofauti. Kubahatisha kunakupa nafasi moja kati ya tatu. Ukipata mara tatu mfululizo, bahati peke yake ingekufikisha hapo mara moja tu kati ya 27, kwa hiyo amini ulimi wako.

Tulifanya na lager mbili za hapa nyumbani, zile ambazo watu wanaapa hawawezi kuzibadilisha. Tulikuwa saba. Wawili ndio waliopata. Chumba kilinyamaza muda mrefu, halafu mmoja akaomba tumimine tena, safari hii zikiwa zimekaa nje ya friji dakika 20. Wakapata watano. Hilo lilinifundisha kuhusu joto kuliko chochote nilichosoma.

Kwa wiski, usiweke zaidi ya nne kwa kikao, na zenye moshi ziwe mwisho. Moshi ukishaingia, hauziachii nafasi nyingine.

Miaka kwenye chupa ina maana gani? Ya 18 ni bora kuliko ya 12?

Ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Ya 12 inaweza kuwa na ya miaka 20 ndani yake, lakini si ya 11. Na miaka haihesabiwi ndani ya chupa: ya 12 uliyoiweka kabatini tangu harusi yako bado ni ya 12.

Ubora ni kitu kingine. Mti unatoa ladha, lakini ukizidi unatawala, unabaki na mbao chungu tu. Hali ya hewa nayo ina sauti. Scotland pipa linapoteza asilimia 2 hivi kwa mwaka kwa kuvukiza, wenyewe wanaiita fungu la malaika. Pipa la lita 200 linakuwa limepungua zaidi ya lita 40 kwa miaka 12. Bangalore, India, kwenye kiwanda cha Amrut, upotevu unafika asilimia 10 au zaidi kwa mwaka: zaidi ya lita 80 ndani ya miaka mitano. Joto linaharakisha kila kitu. Kavalan ya Taiwan, kiwanda kilichotoa spiriti yake ya kwanza mwaka 2006, ilitwaa taji la single malt bora duniani mwaka 2015 kwa chupa isiyo na umri ulioandikwa. Ninaposikia watu wakisema nchi za joto hazifai kwa wiski, ninataja hizo mbili.

Glasi gani?

Yenye tumbo na mdomo mwembamba. Glasi ndogo ya mvinyo inatosha. Isiwe na mafuta, maana mafuta yanaua povu.

Chakula gani kinaendana?

Stauti na nyama choma, kwanza kabisa: kimea kilichokaangwa na nyama iliyoungua ukingoni ni ndugu. Bia ya ngano na samaki wa kupaka. IPA kali na pilipili kali sikushauri, uchungu na kilevi vinaongeza moto. Chukua bia yenye kimea tamu. Wiski yenye moshi na sangara wa kubanika, au na ng'onda kama unaiweza, ni jambo ambalo ningependa kila mtu wa pwani ya ziwa au bahari alijaribu mara moja.

Waskoti wana desturi ya kuagiza nusu painti ya bia na toti ya wiski pembeni, wanaiita hauf and a hauf. Usichanganye. Funda la hii, funda la ile. Stauti na Bowmore ndiyo niliyoizoea.

Nimesikia bia ina samaki ndani. Kweli?

Kwa baadhi, ndiyo, na habari inapita Mwanza. Bia za mapipa za Uingereza zimekuwa zikisafishwa kwa utando unaotokana na bondo, kile kifuko cha hewa cha samaki, ambao hushika chachu na kuishusha chini. Zamani ulitoka kwa samaki wa Urusi. Baadaye mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria nayo yaliingia kwenye kazi hiyo. Siku hizi mabondo mengi huenda China kuliwa. Guinness ilitangaza mwaka 2015 kwamba inaachana na njia hiyo. Kwa asiyekula samaki, bia za krafti zisizochujwa ni salama zaidi, lakini uliza.

Nitajuaje wiski si feki?

Hili limeniuma binafsi. Niliwahi kununua chupa ya heshima kwa ajili ya mzee aliyestaafu, kwenye duka ambalo sitalitaja. Kifuniko kilikuwa kizima, rangi ilikuwa sawa. Kwenye glasi palikuwa na spiriti na sukari iliyoungua, basi. Nilimwona mzee akimeza na kushukuru kwa adabu, nikatamani ardhi ipasuke.

Sasa ninafanya hivi. Tanzania chupa zina stempu za kodi za kielektroniki, na programu ya Hakiki Stempu ya TRA inazisoma. Kenya kuna Soma Label ya KRA. Ninatafuta namba ya toleo iliyochapwa kwenye kioo. Ninaangalia kama kifuniko kinazunguka bila kukatika. Na chupa tupu ninaikwangua lebo kabla ya kuitupa, maana wanaojaza feki wanaokota zile safi.

Baada ya kunywa kitu cha mashaka, ukiona ukungu machoni, tumbo na kichwa vikiuma kupita hangova ya kawaida, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni siku ya pili. Methanoli huchelewa kujionyesha.

Tunywe kiasi gani kwa kikao?

Piga hesabu ya kilevi halisi. Chupa ya mililita 500 ya asilimia 5 ina mililita 25. Wiski nne za mililita 15, kwa asilimia 43, zinafika karibu 26. Yaani kikao kizima cha wiski nne ni sawa na bia moja. Hicho ndicho kiasi chetu, pamoja na maji mengi na chakula. Hakuna anayeendesha, iwe gari au pikipiki.

Sinywi pombe, kwa dini au kwa afya. Naweza kuja?

Karibu sana. Tuna rafiki ambaye ananusa tu, na ndiye mwenye pua kali kuliko sote.

Chupa iliyofunguliwa hukaa muda gani?

Bia, imalize. Wiski ikiwa zaidi ya nusu inakaa miaka bila shida. Ikibaki robo, hewa inaanza kuipoozesha ndani ya miezi. Isimamishe wima, maana kilevi kinakula kizibo, na iweke gizani.

Niandike nini kwenye daftari?

Tarehe, jina, asilimia, kulikuwa na nini kingine mezani, na maneno yako yaliyokuja kwanza, kabla hujasikia ya wenzako. Hii ni ya kwangu, ya mwezi uliopita:

"Lagavulin 16, 43%. Ya mwisho kati ya nne. Bila maji: jiko la kuni lililozimwa kwa maji, zabibu kavu, chumvi midomoni. Matone matatu: moshi umerudi nyuma, ganda la chungwa limetoka. Nimeosha glasi zote, bado ipo."